Modeli za kazi sambamba katika mifumo ya wakati halisi

Modeli za kazi sambamba katika mifumo ya wakati halisi ni maelezo ya kihisabati ya programu ambazo vipande vyake vinaweza kufanyika kwa pamoja kwenye vichakataji vingi, na ambazo kila moja inapaswa kumalizika kabla ya makataa yaliyowekwa. Ni tawi la sayansi ya kompyuta. Modeli hizi hutumiwa kujibu swali moja kabla mfumo haujaanza kazi: je, kuna uhakika kwamba hakuna makataa hata moja yatakayopitwa?

Mfumo wa wakati halisi si lazima uwe wa kasi kubwa. Kinachoutofautisha na kompyuta nyingine ni kwamba jibu sahihi lililochelewa huhesabiwa kuwa kosa. Kompyuta ya ofisini ikichelewa nusu sekunde kufungua faili, mtumiaji huudhika tu. Kompyuta inayoamua kufunga breki za gari ikichelewa nusu sekunde, gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa limekwisha kusogea mita 10 zaidi. Kwa sababu hiyo wahandisi wa mifumo ya aina hii hawajali sana muda wa wastani. Wanachotafuta ni muda mrefu kuliko yote unaoweza kutokea.

== Historia ==

Msingi wa nadharia uliwekwa mwaka 1973 na C. L. Liu na James W. Layland wa Marekani. Katika modeli yao kila kazi hurudiwa baada ya kipindi maalumu, ina muda wa juu wa utekelezaji, na lazima imalizike kabla ya zamu yake inayofuata kuanza. Waliangalia kichakataji kimoja tu. Walionyesha kwamba algoriti inayotanguliza kazi yenye makataa ya karibu zaidi (vitabuni hufupishwa EDF) inaweza kutumia kichakataji kwa asilimia 100 bila kazi yoyote kuchelewa. Ile inayotoa kipaumbele cha kudumu kwa kazi zenye kipindi kifupi ina uhakika hadi asilimia 69 hivi, kazi zikiwa nyingi.

Wengi walitarajia kwamba vichakataji vikiongezwa, matokeo hayo yangezidishwa tu kwa idadi yake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1978 S. K. Dhall na Liu walionyesha mfano ambao mpaka leo huitwa athari ya Dhall. Chukua vichakataji 4. Kuna kazi nyepesi 4, kila moja ikihitaji milisekunde 2 katika kila milisekunde 100, na kazi nzito moja inayohitaji milisekunde 100 katika kila milisekunde 101. Zote zinaanza pamoja. Makataa ya kazi nyepesi yako karibu zaidi, basi EDF inazipa vichakataji vyote 4 kwanza. Kazi nzito inaanza kwenye milisekunde ya 2 na kumalizika kwenye ya 102, yaani imechelewa kwa milisekunde 1. Jumla ya kazi yote ni sawa na kichakataji 1.07 tu kati ya 4, na bado mfumo umeshindwa. Kama kazi nzito ingetangulizwa, kila moja ingewahi makataa yake.

Kwa miaka mingi tatizo hilo lilibaki la wataalamu wachache, kwa kuwa kompyuta nyingi ndogo zilikuwa na kichakataji kimoja kilichozidi kuongezwa kasi mwaka hadi mwaka. Mnamo 2004 na 2005 njia hiyo ilifika ukingoni kwa sababu ya joto na matumizi ya umeme. Mwaka 2001 IBM ilikuwa imetoa POWER4 yenye viini viwili katika kipande kimoja. Mwaka 2005 Intel na AMD ziliingiza viini viwili katika kompyuta za kawaida. Tangu hapo anayetaka kasi zaidi hana budi kuigawa programu yake.

Hapo ndipo modeli ya zamani ilipopwaya. Modeli ya Liu na Layland, hata ikipelekwa kwenye vichakataji vingi, huchukulia kwamba kazi moja haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kazi inayohitaji milisekunde 100 na yenye makataa ya milisekunde 60 haiwezekani kabisa kwa modeli hiyo, hata vichakataji viwe 1,000.

== Kazi kama grafu ==

Modeli inayotumiwa zaidi leo huieleza kazi kuwa grafu ya mishale isiyo na mzunguko. Kila nodi ni kipande cha programu kinachotekelezwa mfululizo, na ina muda wake wa juu wa utekelezaji. Mshale kutoka nodi moja kwenda nyingine una maana kwamba ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kumalizika. Nodi zisizounganishwa na njia yoyote ya mishale zinaweza kufanyika kwa pamoja. Grafu nzima hurudiwa kwa kipindi, na ina makataa moja.

Kutoka kwenye grafu hutolewa namba mbili zinazobeba karibu uzito wote wa nadharia:

* Jumla ya kazi, ambayo huandikwa C: muda wa nodi zote ukijumlishwa. Ndio muda ambao kichakataji kimoja kingetumia.
* Urefu wa njia ndefu, ambao huandikwa L: muda wa mlolongo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho wa grafu. Ndio muda ambao ungetumika hata kama vichakataji havina idadi.

Tofauti ya namba hizo inaonekana hata jikoni. Watu wanne wakimenya vitunguu na viazi, matayarisho ya pilau yataisha upesi kuliko akiwa mmoja. Lakini wali hauivi haraka kwa kuwa wapishi ni wanne. Hiyo ndiyo L, na kama L ni ndefu kuliko makataa, hakuna idadi ya vichakataji itakayosaidia. Gene Amdahl alikuwa ametoa hoja ya aina hiyo mwaka 1967 alipoonyesha kwamba sehemu isiyogawanyika ya programu ndiyo inayoweka mpaka wa kasi.

Tuchukue mfano wa gari lenye kamera inayotoa picha kila milisekunde 60, na kila picha lazima iwe imeshughulikiwa kabla ya inayofuata kufika. Kusoma picha kunachukua 5. Picha inagawanywa katika sehemu 4, na kutafuta watu na vyombo katika kila sehemu kunachukua 20. Kuunganisha matokeo kunachukua 10, na kuamua kuhusu breki 5. Hapa C ni 5 + 80 + 10 + 5 = 100, na L ni 5 + 20 + 10 + 5 = 40. Kichakataji kimoja hakitoshi. Vinahitajika vingapi?

== Kanuni ya Graham ==

Jibu linatokana na kazi ya Ronald Graham wa Bell Labs, aliyechapisha makala zake mwaka 1966 na 1969, muda mrefu kabla ya viini vingi kuwa jambo la kawaida. Ikiwa mpanga ratiba haachi kichakataji kikae bure wakati kuna nodi iliyo tayari, basi kazi yenye vichakataji m itamalizika kwa muda usiozidi

L + (C − L) ÷ m

Hoja yake ni fupi. Kila wakati kichakataji kimoja kinapokaa bure, maana yake ni kwamba hakuna nodi iliyo tayari inayongoja. Kwa hiyo zilizobaki zote zinasubiri kitu kinachotekelezwa sasa hivi, na ukifuatilia usubiri huo kurudi nyuma unapata mlolongo mmoja katika grafu ambao unasonga mbele kila mara kunapokuwa na kichakataji kisicho na kazi. Muda wa aina hiyo hauwezi kuzidi L. Muda uliobaki ni ule ambao vichakataji vyote vina shughuli, na kazi iliyobaki ya kugawana ni C − L.

Katika mfano wa kamera, vichakataji 2 vinatoa 40 + 30 = 70, ambayo imezidi 60. Vichakataji 3 vinatoa 40 + 20 = 60 kamili. Basi 3 vinatosha kwa uhakika.

Msomaji makini atagundua kwamba hata 2 vingetosha: 5, kisha sehemu mbili mbili kwa 40, kisha 15, jumla 60. Ni kweli. Kanuni inaangalia C na L tu, haioni umbo la grafu. Lakini isidhaniwe kwamba imekosea. Grafu nyingine yenye C na L zilezile, kwa mfano mlolongo mmoja wa 40 pamoja na vipande vingi vidogo visivyotegemeana vya jumla 60, inaweza kufika 70 kwenye vichakataji 2 ikiwa mpanga ratiba ataanza na vile vidogo. Tofauti hiyo kati ya uhakika na hali yenyewe ni gharama ya kichakataji kizima, na sehemu kubwa ya utafiti wa uwanja huu ni jitihada za kuipunguza bila kupoteza uhakika.

== Kwa nini majaribio hayatoshi ==

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiendeshe programu, tupime muda, tukajiridhisha? Jibu la Graham kwa swali hilo linastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu linashangaza kila anayelisoma mara ya kwanza.

Chukua nodi 9 zenye muda wa 3, 2, 2, 2, 4, 4, 4, 4 na 9 kwa mpangilio. Nodi ya 9 inangoja ya 1. Nodi za 5, 6, 7 na 8 zinangoja ya 4. Vichakataji ni 3, na kila kinapopatikana nafasi huchukuliwa nodi iliyo tayari yenye namba ndogo. Kazi inamalizika kwa muda 12.

Sasa tuboreshe mfumo. Ongeza kichakataji cha nne: kazi inamalizika kwa 15. Rudisha vichakataji 3, lakini andika upya programu ili kila nodi ipungue kwa 1: inamalizika kwa 13. Rudisha muda wa mwanzo, lakini ondoa mishale ya kutoka nodi ya 4 kwenda ya 5 na ya 6, yaani wape vichakataji uhuru zaidi: inamalizika kwa 16. Kila uboreshaji umeleta uchelewaji.

Sababu ni kwamba nodi ndefu ya 9 ina bahati ya kuanza mapema katika hali ya kwanza. Mabadiliko yanafanya nodi nyingine ziwe tayari mapema, zinaichukulia nafasi yake, na yenyewe inaanza ikiwa imechelewa, ikibaki peke yake mwishoni huku vichakataji vingine vimekaa bure. Msomaji anaweza kuchora ratiba hizo nne kwenye karatasi na kuhakikisha. Ni zoezi la dakika kumi.

Kwa mfumo wa breki hili si jambo la kuchekesha. Mhandisi aliyepima kila kipande kwa muda wake mrefu zaidi, akaona 12 na kuweka makataa 12, atashindwa siku ambayo vipande vitakwenda haraka kuliko kawaida. Picha rahisi, barabara tupu, kila nodi inapungua kwa 1, na jibu linafika kwa 13. Hakuna aliyekosea katika programu, na huenda hali hiyo isijirudie maabara hata mara moja.

Kanuni ya Graham haina tatizo hilo. Katika mfano huu C ni 34 na L ni 12. Kwa vichakataji 3 inatoa takriban 19.3, kwa 4 inatoa 17.5, na kwa nodi zilizopunguzwa (C 25, L 10) inatoa 15. Muda wote uliopatikana uko ndani ya mipaka hiyo, na mpaka wenyewe haupandi kamwe kazi inapopunguzwa, mishale inapoondolewa au vichakataji vinapoongezwa.

== Aina nyingine za modeli ==

Kabla ya grafu kukubalika, zilitumika modeli nyepesi zaidi. Mwaka 2010 Karthik Lakshmanan, Shinpei Kato na Ragunathan Rajkumar walichunguza modeli ya uma: programu inakwenda kwa uzi mmoja, inagawanyika katika nyuzi kadhaa, inaungana tena, kisha inagawanyika tena, idadi ya nyuzi ikiwa ileile kila mara. Mwaka 2011 Abusayeed Saifullah na wenzake waliruhusu kila hatua iwe na idadi yake ya nyuzi. Modeli hizi zinafanana sana na jinsi programu zinavyoandikwa kwa kugawanya mizunguko ya hesabu, ndiyo maana bado zinafundishwa. Grafu ya jumla inayorudiwa kwa kipindi ililetwa na Sanjoy Baruah na wenzake mwaka 2012.

Kundi la pili la modeli haliangalii mishale bali idadi ya vichakataji. Kazi isiyobadilika inadai idadi maalumu, haipungui wala haizidi. Kazi ya kufinyangwa inapewa idadi wakati wa kuanza na kubaki nayo. Kazi nyumbufu inaweza kuongezewa au kunyang'anywa vichakataji ikiwa katikati ya safari. Kazi isiyobadilika kwa kawaida hupangwa kwa genge, yaani nyuzi zake zote huanza na kusimamishwa pamoja. Hilo linafaa nyuzi zinazowasiliana kila mara, kwa kuwa uzi mmoja hautapoteza muda kumngoja mwenzake aliyelazwa. Hasara yake ni vichakataji vinavyokaa bure: genge la nyuzi 3 haliwezi kuanza penye vichakataji 2 tu.

Programu halisi pia zina matawi ya masharti, ambapo sehemu moja ya grafu hufanyika na nyingine huachwa. Mwaka 2015 zilichapishwa modeli za grafu zenye masharti. Ugumu wake ni kwamba tawi lenye jumla kubwa ya kazi huenda lisiwe tawi lenye njia ndefu, kwa hiyo haiwezekani kuchagua mojawapo na kusema hili ndilo baya zaidi.

== Kupanga kazi nyingi pamoja ==

Mfumo mmoja huwa na kazi nyingi, kila moja ikiwa grafu yake. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni upangaji wa jumla, ambapo nodi zote zilizo tayari hukaa kwenye foleni moja na kichakataji chochote huchukua iliyo mbele. Imethibitishwa kwamba EDF ya aina hii ina kipimo cha kasi cha 2 − 1 ÷ m: kundi la kazi ambalo mpanga ratiba mkamilifu angeliweza, EDF nayo italiweza ikipewa vichakataji vyenye kasi hiyo zaidi, yaani karibu mara mbili.

Ya pili ni upangaji wa shirikisho, uliopendekezwa na Jing Li na wenzake mwaka 2014. Kila kazi nzito, ambayo C yake imezidi makataa D, hupewa vichakataji vyake peke yake. Idadi hupatikana kwa kugawa C − L kwa D − L na kupandisha hadi namba nzima. Kwa kamera yetu ni 60 ÷ 20, yaani 3. Kazi nyepesi zote hugawana vilivyobaki kama kazi za kawaida zisizogawanyika. Mfumo hupita ikiwa jumla ya mzigo haizidi nusu ya vichakataji na L ya kila kazi haizidi nusu ya makataa yake.

Njia hii ya pili inaonekana ya ubadhirifu, maana kazi ikihitaji vichakataji 2.1 inapewa 3. Hata hivyo ndiyo iliyo rahisi zaidi kueleweka na kukaguliwa. Kazi nzito hazigusani, kwa hiyo hitilafu katika moja haienei kwa nyingine, na athari ya Dhall haipati nafasi. Kwa mfumo ambao mkaguzi wa usalama lazima ausome na kuuamini, unyofu huo una thamani kuliko asilimia chache za kichakataji.

== Mipaka ya modeli ==

Kila kilichoelezwa juu kinategemea kwamba muda wa juu wa kila nodi unajulikana. Kwenye viini vingi hapo ndipo penye udhaifu. Viini hugawana kumbukumbu, njia ya data na mara nyingi kashe, hivyo nodi ambayo peke yake inachukua milisekunde 20 inaweza kuchukua zaidi sana ikiwa majirani zake wanasoma kumbukumbu kwa wakati uleule. Katika usafiri wa anga tatizo hili lilionekana zito kiasi kwamba mwaka 2016 mamlaka za uthibitishaji wa ndege zilitoa waraka maalumu uitwao CAST-32A kuhusu vichakataji vya viini vingi, ukimtaka mtengenezaji atambue njia zote za mwingiliano kati ya viini.

Baadhi ya modeli mpya hugawa kila nodi katika hatua tatu: kusoma data kutoka kumbukumbu, kuhesabu, na kuandika matokeo. Hatua za kusoma na kuandika hupangiwa zamu kama foleni ya kisimani, na hatua ya kuhesabu hufanyika bila kugusa kumbukumbu ya pamoja. Grafu inakuwa kubwa zaidi, lakini muda wa nodi unarudi kuwa namba inayoaminika.

== Matumizi katika programu ==

Grafu ya nodi na mishale inaweza kuandikwa moja kwa moja katika OpenMP, ambayo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008 inaruhusu kutangaza vipande vya kazi, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013 inaruhusu kutaja kipande kipi kinangoja kipi. Katika mfumo wa uendeshaji wa Linux, EDF iliingizwa rasmi mwaka 2014 katika toleo la 3.14 kwa jina la SCHED_DEADLINE. Mpangaji huyo huuangalia kila uzi peke yake, kwa muda, kipindi na makataa yake. Hajui kuhusu grafu. Anayetaka kutumia modeli za kazi sambamba juu yake hulazimika kugawanya makataa ya grafu nzima kuwa makataa ya nyuzi, au kuzifungia kazi nzito kwenye viini vyake kwa mtindo wa shirikisho.